Msanii Hupatana Bei, Siku Hapatani

Mtu akimwendea mchoraji wa hina, mpiga picha, mchora mabango au mtunzi wa mashairi ya harusi hapa Mombasa, mazungumzo yao huwa na sehemu mbili. Ya kwanza ni bei, na hapo hapana haraka. Mteja atataja nusu ya alichoambiwa, msanii ataapa kwamba hata pesa ya vifaa haitarudi, watachekeshana, watakumbushana jamaa wanaojuana, na mwishowe watakubaliana mahali fulani katikati. Sehemu ya pili ni siku ya kazi kukamilika, nayo haimalizi hata dakika. Mteja huitaja siku anayoitaka, msanii huitikia inshallah, na mambo yamekwisha. Mtu huyo huyo aliyepigania shilingi 500 kwa robo saa ametoa siku tatu za kazi bila kuuliza swali hata moja.

Naamini kwamba matatizo mengi ya muda yanayowasumbua wasanii waliojiajiri huanzia hapo. Kwa kawaida lawama hupelekwa kwingine. Husemwa kwamba msanii ni mvivu, kwamba hana mpango, kwamba ni mtu wa njoo kesho. Lakini ukimfuatilia huyo anayechelewesha kazi utaona kwamba mara nyingi anafanya saa nyingi kuliko karani wa benki, na kwamba amechelewa kwa sababu siku moja aliwapa watu watatu, na katika hao watatu hakuna aliyeulizwa kama siku yake ingeweza kusogea. Kupanga muda katika kazi hizi ni kupatana siku kwa ukakamavu uleule wa kupatana bei. Madaftari, kalenda za ukutani na programu za simu zina faida yake, lakini haziwezi kumwokoa mtu aliyekwisha kukubali kila kitu.

Ushauri unaozagaa siku hizi ni wa namna nyingine kabisa. Vijana huambiwa waamke saa kumi alfajiri, wagawe siku vipande vipande, wafanye jambo gumu kwanza. Ushauri huo si mbaya kwa mtu ambaye wateja wake hulala usiku. Mpiga kinanda anayerudi kutoka harusini saa nane za usiku ataamkaje saa kumi, na akiamka atatunga nini? Mfano unaopendwa sana ni wa Anthony Trollope, mwandishi Mwingereza wa karne ya 19, ambaye alikuwa akikaa mezani saa kumi na moja u nusu alfajiri na kujilazimisha kuandika maneno 250 kila robo saa, huku saa yake iko mbele yake. Wanaomtaja huyo husahau kuongeza kwamba hadi mwaka 1867 alikuwa mwajiriwa wa Posta ya Uingereza na mshahara wake ulikuwa unaingia, hata siku ambayo maneno yamekataa kuja. Aliyejiajiri hana Posta nyuma yake, na kwa hiyo suala lake la kwanza ni kazi ya nani itangulie, kwa masharti gani, kabla ya kufikia suala la saa ya kuamka.

Chukua mfano wa mchoraji wa hina katika wiki ya harusi, awe wa Kibokoni au wa Kisauni. Hina ya asili ina ratiba yake ambayo haibembelezwi. Ikishachorwa huachwa mwilini kwa saa kadhaa, na ikibanduliwa rangi huwa ya machungwa. Wekundu wake wa weusi-weusi unaotakiwa hukolea taratibu katika muda wa siku moja hadi mbili. Bibi harusi wa Ijumaa usiku anafaa kuchorwa Jumatano. Mikono hadi viwiko na miguu hadi karibu na magoti huweza kula saa nne au zaidi, na mchoraji anayajua hayo yote kwa moyo. Asichokijua, kwa sababu hakuuliza, ni idadi ya watu watakaokuwa chumbani.

Jumatano hiyo amekaa mkekani, mguu wa bibi harusi uko juu ya mto mbele yake, koni ya hina mkononi, simu inatetemeka chini ya paja. Mtu anapita na bakuli la ndimu na sukari la kukandia maua yaliyokwisha kukauka. Shangazi mtu amekwisha kukunja mikono ya gauni na anangoja zamu. Mlangoni wamejipanga watoto, kila mmoja ameshatoa kidole. "Dada, mimi kiua kimoja tu, hapa." Nani atamnyima mtoto kiua kimoja mbele ya mama yake, mbele ya bibi yake, katika nyumba ya furaha? Lakini watoto 20 kwa dakika tano tano ni saa nzima na dakika 40, na simu inayotetemeka ni ya bibi harusi wa pili, wa Likoni, aliyeahidiwa saa mbili usiku na ambaye sasa atachorwa usiku wa manane na mkono uliochoka. Hina yake haitakolea ipasavyo ikiwa harusi yake ni kesho yake. Atakayelaumiwa ni mchoraji, na mtu hatakumbuka viua vya watoto.

Kasoro hapa haikuwa ya mwendo wa mkono wala ya kuchelewa kuamka. Ilikuwa katika mapatano ya wiki tatu nyuma, pale ambapo bei ya bibi harusi ilijadiliwa hadi shilingi ya mwisho na wengine wote wakaachwa hewani. Wachoraji waliokomaa hukata shauri mapema: bibi harusi na watu kadhaa waliotajwa siku yake, wageni siku nyingine na mchoraji mwengine msaidizi, watoto nao wawekewe saa yao na malipo yao. Mwenye nyumba akiambiwa hayo mapema hana la kuudhika. Huudhika anapoambiwa mlangoni.

Kila sanaa ina kiua kimoja chake. Kwa mtengenezaji wa video za harusi ni "kukata kidogo tu". Mteja ameona kamera ikifanya kazi kwa saa tano, na kwa hesabu yake kazi ni ya saa tano. Hakuona saa za kuhamisha faili, kuchagua, kukata, kusawazisha rangi na sauti, kungoja stima irudi, kutuma, kisha kupokea ujumbe kwamba kila kitu ni kizuri mashallah, ila yule shangazi aliyekosana na familia aondolewe katika kila sehemu alimoonekana. Mpiga picha mwanamke wa harusi za wanawake, ambazo picha zake hazitakiwi kuonwa na mtu wa nje, ana mzigo zaidi. Kazi yake bora hawezi kuitundika Instagram. Tangazo lake ni midomo ya wateja peke yake, na kwa hiyo kuchelewesha kazi moja kunamgharimu kuliko kunavyomgharimu mwenzake mwenye picha za hoteli na machweo.

Kuna utafiti unaofaa kuzingatiwa hapa. Mwaka 1994 wanasaikolojia Roger Buehler, Dale Griffin na Michael Ross walichapisha matokeo ya kuwauliza wanafunzi wa chuo kikuu huko Kanada wangehitaji siku ngapi kumaliza tasnifu zao. Makadirio yao yalikuwa kama siku 34 kwa wastani. Walipoulizwa ingechukua muda gani kila kitu kikienda mrama, walitaja kama siku 49. Kazi yenyewe iliwachukua zaidi ya siku 55. Yaani hata walipojitahidi kufikiria mabaya hawakuyafikia yaliyotokea. Kosa hilo wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walikwisha kulieleza mwaka 1979, pamoja na dawa yake, ambayo ni nyepesi kushangaza: usijiulize kazi hii itachukua muda gani, jiulize ile iliyopita ilichukua muda gani. Kwa msanii, maana yake ni daftari la kuandika saa za kila kazi tangu oda ilipoingia hadi mteja alipoacha kuomba marekebisho. Baada ya kazi chache tu daftari hilo huwa mshauri mkali kuliko mtu yeyote, na mteja akisema ni kitu kidogo, msanii ana la kumjibu.

Linalotutofautisha sisi wa Mombasa na wanaoandika vitabu vya kupanga muda ni kwamba tunafanya kazi chini ya kalenda mbili zisizongojana. Moja ni ya jua. Inaleta wageni wa hoteli za Nyali, Bamburi na Diani mwezi Agosti na Desemba, inaleta meli za watalii Kilindini katika miezi ya Kaskazi, inaleta masika ya Aprili na Mei ambapo pwani hupooza, na inafunga na kufungua shule. Nyingine ni ya mwezi mwandamo, nayo ndiyo inayoamua harusi. Ramadhani harusi husimama. Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, ukiingia zinafunguka kwa pamoja, na katika Rajabu na Shaabani familia nyingi hukimbilia kumaliza shughuli zao kabla ya mwezi wa kufunga. Mwaka wa mwandamo ni pungufu kwa siku 10 au 11 kuliko wa jua, kwa hiyo misimu hii miwili haikutani mahali pamoja kila mwaka. Inatambaa, mmoja juu ya mwingine.

Jambo hili lina uzito mkubwa kuliko linavyodhaniwa. Mwaka 2017 Ramadhani ilianza mwishoni mwa Mei, wakati ambapo hoteli zenyewe zilikuwa nusu tupu, na mwanamuziki aliyetegemea hoteli na harusi alipata likizo moja ndefu na njaa moja ndefu. Mwaka 2025 ilianza mwanzoni mwa Machi. Mwaka 2030 itaingia mara mbili, mapema Januari na tena siku za mwisho za Desemba. Tunaelekea basi miaka ambayo harusi za kukimbiza Ramadhani zitaangukia Novemba na Desemba, juu ya msimu wa hoteli, na mwezi wa ukimya utakuwa katikati ya Kaskazi. Mpiga ngoma atakayepanga mwaka 2029 kwa kuangalia alivyofanya 2019 atajikuta anahitajika mahali pawili katika wiki zile zile, kisha hahitajiki popote. Mtu mwenye kalenda zote mbili ukutani, aliyeziwekea alama miaka mitatu mbele, anajua tangu sasa ni Desemba ipi atahitaji kumfundisha msaidizi na ni Januari ipi atahitaji akiba. Hiyo naiona kuwa kazi ya jioni moja inayolipa kuliko mazoea yote ya kuamka alfajiri.

Turudi kwenye kupatana. Chombo cha kupatana siku kipo, nacho ni cha zamani: arubuni. Wengi huichukulia arubuni kuwa pesa ya kununulia vifaa, au kinga dhidi ya mteja mdanganyifu, na ni kweli inafanya kazi hizo. Lakini faida yake kubwa ni kupanga foleni. Wateja watatu wakiitaka Ijumaa moja, msanii asiye na utaratibu atampa mwenye sauti kubwa, au aliyepiga simu mwisho, au mke wa rafiki yake. Mwenye utaratibu atampa aliyeleta arubuni kwanza, na wale wawili wataambiwa siku hiyo hiyo kwamba Ijumaa imechukuliwa, wakati bado wana nafasi ya kutafuta mwingine. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, hata shida ya ushahidi imeondoka, kwa maana ujumbe wenyewe unabeba tarehe, saa na kiasi. Ahadi ni deni, lakini ahadi isiyo na arubuni ni deni la upande mmoja: msanii anadaiwa siku, mteja hadaiwi kitu, na anaweza kughairi kwa kunyamaza tu.

Kuna pingamizi mbili ambazo hazifai kupuuzwa. Ya kwanza ni ya kisheria ya dini, na wateja wetu huiuliza: mteja akighairi, je, ni halali msanii kubaki na arubuni? Wanazuoni wamehitilafiana juu yake katika mauziano. Madhehebu ya Hanbali yanaruhusu. Wengi katika madhehebu mengine, wakiwemo wa Shafi yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Pwani, hawaruhusu. Mwenye kutaka hukumu amwendee shehe wake, lakini nimeona utaratibu ambao unawaridhisha wengi bila mabishano. Pesa ya vifaa vilivyokwisha kununuliwa na michoro iliyokwisha kufanywa hutajwa kando tangu mwanzo kama malipo ya kazi, na kilichobaki hurudishwa kikamilifu siku ile ikipata mteja mwingine. Mapatano ya namna hii huandikwa kwa mistari minne kwenye WhatsApp, na hayahitaji wakili.

Pingamizi ya pili ni ya udugu, nayo ni ngumu zaidi. Huwezi kumwambia mama mdogo wako alete arubuni. Msanii anayejaribu kuishi hapa kana kwamba hana ukoo atapoteza wateja pamoja na ukoo, kwa sababu ukoo ndio uliomletea wateja wa kwanza. Wanaoshauri kwamba jamaa wote wakataliwe hawajakaa Majengo. Ninachopendekeza ni kwamba hisani iwe na siku yake. Harusi na hafla nyingi huangukia mwisho wa wiki. Jumatatu na Jumanne zina nafasi. Kazi za hisani ziwekwe huko, zihesabiwe kwa mwezi, na zikijaa, jamaa aambiwe mwezi unaofuata. Mama mdogo aliyeambiwa "mamangu, yako nitaifanya Jumanne ya tarehe 14, na Jumanne hiyo ni yako peke yako" hununa kidogo kuliko yule aliyeambiwa kesho mara saba.

Kuhusu simu sitasema mengi, maana kila mtu anajua inavyomla. Mtafiti Sophie Leroy alionyesha mwaka 2009 kwamba mtu akihama kutoka kazi moja ambayo hajaimaliza kwenda nyingine, sehemu ya akili yake hubaki kule alikotoka, na ile ya pili huifanya vibaya. Mchongaji anayeweka patasi chini kila dakika 10 kumjibu mteja anachonga kwa nusu ya macho. Kujibu ujumbe mara mbili kwa siku, kwa mfano baada ya adhuhuri na baada ya isha, kunatosha kwa biashara nyingi za sanaa, alimradi wateja wameambiwa saa hizo. Mteja aliyelipa arubuni na kupewa tarehe ya kweli hana sababu ya kupiga simu kila asubuhi, kwa hiyo nusu ya simu hizo ni matunda ya mapatano mabovu.

Inabaki kazi ambayo hakuna mteja aliyeiomba: diwani ya mshairi, picha za Mji wa Kale ambazo mpiga picha anazikusanya kwa ajili yake, mtindo mpya wa maua ambao mchoraji bado hajauonyesha mtu. Kazi hizi hazina mtu wa kuzidai, hivyo katika kila foleni huwa za mwisho, na msanii huamka baada ya miaka 10 akiwa fundi stadi wa kutekeleza matakwa ya wengine. Masika ndiyo wakati wake. Wachongaji wa Changamwe wanajua kwamba mti mbichi ukichongwa kwa haraka hupasuka, na kwamba kuna majuma ambayo kazi ni kuungoja ukauke. Majuma hayo hayakosi la kufanywa. Miezi ya Aprili hadi Juni, wakati wageni ni wachache, ifaa kugawiwa kwa kazi yako mwenyewe kwa tarehe zilizoandikwa, na kwa makaratasi, ambayo kwa bahati nzuri yana mwisho wake katika msimu huo huo: ritani ya kodi ya kila mwaka hutakiwa ifikapo Juni 30. Tarehe uliyoiandikia diwani yako ipatanwe na wateja kama tarehe nyingine yoyote. Imechukuliwa.

Mtihani mkubwa wa haya yote unakuja. Uchaguzi mkuu wa Kenya hufanyika Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano, na ujao ni Agosti 10, 2027. Kwa hesabu ya kalenda, Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, utaingia siku chache kabla ya kura, na Maulidi yatafuata siku chache baadaye, na shule zitakuwa zimefungwa kama kawaida ya Agosti. Wachora mabango, waimbaji, wapiga dufu, watengenezaji wa video na wachapishaji wa fulana wataitwa na wanasiasa, na misikiti, na hoteli, na mabibi harusi katika wiki hizo hizo, kila mmoja akisema yake ni kitu kidogo na ni ya kesho. Kwa wagombea, mimi ningeondoa hata hiyo arubuni na kutaka malipo yote kabla ya brashi kuchovywa rangini. Aliyeshinda huwa na shughuli nyingi, na aliyeshindwa hapokei simu.